Rudi Ukalale, Samweli

Mhadhara uliotolewa kwa wanajumuiya katika ukumbi wa parokia, Dar es Salaam, jioni ya kuamkia Siku ya Marehemu Wote

Tumsifu Yesu Kristo!

Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na leo tena naanzia hapohapo: kwa mtoto Samweli wa Biblia, yule aliyelala hekaluni chini ya kuhani Eli (Samweli wa Kwanza, sura ya 3). Padre aliponiomba nizungumzie tumaini letu mbele ya kifo, nadhani alitaraji nianze na ufufuko. Nitafika. Lakini mtu asiyejua kusikiliza, ukimpa habari ya ufufuko umempa tu maneno ya kuandika kwenye msalaba wa kaburi.

Samweli anaitwa usiku. Anakurupuka, anakimbia kwa mzee Eli: nimekuja, umeniita. Mara tatu! Kwa nini alikimbilia kwa Eli? Kwa sababu sauti ile haikuwa ngurumo. Ilifanana na sauti ya mtu wa nyumbani, mzee aliyemlea. Hapo ndipo tunapopotezea sisi. Tunangoja Mungu aseme kwa spika, naye anasema kwa sauti inayokaribiana na mawazo yetu wenyewe, basi tunaipita. Tunasema "moyo umekataa", "nafsi inanisuta", ninyi vijana mnasema "machale yamenicheza", kisha tunaendelea na safari yetu.

Sasa mtazameni Eli. Macho yamefifia, watoto wake wamemshinda. Lakini usiku ule hakujifanya mfasiri wa ndoto. Hakumwekea mtoto mikono kwa makelele. Alimwambia rudi ukalale, na ukiitwa tena sema, Bwana, mtumishi wako anasikia. Mzee mzima anamrudisha mtoto gizani, kwenye kimya, kwa kuwa amejua jibu liko kule, kwake haliko. Natamani kila anayekwenda kufariji msibani angekuwa Eli.

Tazameni misiba yetu ya hapa mjini. Mtu amefariki saa nane usiku. Saa mbili asubuhi turubai limefungwa, viti vimeshushwa, kamati imekaa, kundi la WhatsApp la michango limefunguliwa, spika zimewekwa mlangoni. Atatokea wa kuniambia: Mwalimu, bila watu mfiwa si angekufa kwa upweke? Kweli kabisa. Jirani aliyeniletea uji siku zile za msiba wangu namwombea mpaka leo. Uji hauna kelele! Ninachogombana nacho ni kelele. Siku tano mjane anaulizwa kitenge cha sare ni rangi gani, mabasi mangapi, wasifu atasoma nani. Hakuna aliyemwachia dakika kumi na nafsi yake. Siku ya sita turubai limeng'olewa, ndipo anakutana nayo, wala hajui pa kuanzia.

Yangu yalikuwa hivyo. Mume wangu tulimzika Jumamosi. Jumatatu usiku nyumba imenyamaza, bomba la uani linadondosha tone moja moja, na mimi kwa mazoea nimemimina chai vikombe viwili. Nikakaa nacho kile kikombe cha pili. Sikusikia sauti ya mtu yeyote. Lakini ndani yangu jambo likatulia, kama jiwe linapofika chini ya kisima: huyu hajapotea, yumo mikononi mwa aliyemuumba. Na papo hapo likaja jingine ambalo sikulitaka: nenda kwa shemeji yako. Tulikuwa hatusemezani mwaka wa tatu, kwa ajili ya kiwanja. Nikasema hapana, hayo ni mawazo yangu tu. Likanirudia mpaka adhana ya alfajiri.

Basi hapo mnaniuliza, na huwa mnaniuliza kila mwaka: utajuaje kwamba si wewe mwenyewe? Ndiyo maana nawaambia someni sura ile mpaka mwisho, msiishie pale ambapo watoto wa Kipaimara huishia kuigiza. Neno aliloambiwa Samweli lilikuwa chungu. Nyumba ya Eli, mlezi wake, inahukumiwa! Akalala mpaka asubuhi, akafungua milango ya nyumba ya Bwana, na bado anaogopa kusema. Mawazo yangu mimi hunibembeleza. Yangeniambia shemeji ndiye mwenye kosa. Sauti ile haikunibembeleza wala haikunitisha, ilinituma. Jumatano nilipanda daladala ya Mbagala, nikabisha hodi kwake.

Na msichanganye haya na kuita wafu. Najua wapo humu walioota marehemu anadai shuka, wakakimbilia kwa mganga. Kitabu kilekile cha Samweli, sura ya 28: mfalme Sauli anakwenda usiku, amejibadilisha mavazi, kwa mwanamke wa Endori, apandishiwe Samweli aliyekwisha kuzikwa. Yule mtoto aliyejifunza kusikia gizani, sasa anatafutwa kwa wafu na mtu aliyemsikia miaka yote akiwa hai na hakumtii. Kila nikifika hapo naumia. Sauli alikuwa na nafasi yote ya kusikiliza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1965, uliiita dhamiri patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Patakatifu, ndugu zangu, kama pale alipolala Samweli. Hilo lilitaka saa yake nzima, saa haipo.

Niwape Mtakatifu Monika basi. Mwaka 387, pale Ostia karibu na Roma, alikaa dirishani na mwanawe Augustino wakizungumza habari za uzima wa milele, hata wakanyamaza. Siku chache baadaye akaugua homa. Alikuwa amejiandalia kaburi kwao Afrika Kaskazini, kando ya mumewe. Akaliachilia. Akasema mwili huu uzikeni popote, ombi langu ni mnikumbuke kwenye altare ya Bwana. Simhukumu anayesafirisha mwili mpaka Bukoba. Nasema tu huyo mama alisikia kitu pale dirishani, kikamfungua mikono.

Na tafadhali, tuache kumwambia mfiwa "usilie, una Mungu". Yesu alijua atamfufua Lazaro, na alilia! Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Zaburi ya 42, ile ya mtu anayeiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, mtaisoma nyumbani. Isomeni polepole, maana yule mtu hakuinyamazisha nafsi yake. Aliiuliza, kisha akaielekeza kwa Mungu.

Kesho baada ya misa tunakwenda makaburini Kinondoni. Nawaomba wanakwaya, spika ibaki ndani ya gari mpaka Padre amalize kubariki. Kila mmoja akae robo saa kwenye kaburi la mtu wake. Ambaye wa kwake wamezikwa mbali aje akae na mimi kwa mume wangu. Nitakuja na mkeka.