Kutwa Mara Tatu

(Mhadhara wa ufunguzi, mafunzo mafupi ya famakolojia kwa watumishi wa afya, Mwanza)

Mwangaluka! Naona walioitikia ni wengi kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo Wasukuma tumo. Na wale mlionitangulia kazini, shikamooni.

Nimeambiwa humu ndani kuna wauguzi, matabibu, watu wa maabara, na ndugu zetu wa maduka ya dawa muhimu. Hao wa mwisho nawakaribisha kwa namna ya pekee, maana kuna vijiji huko visiwani ambako famakolojia yote inafanyika dirishani kwao. Vitabu vinagawa somo hili sehemu mbili: dawa inaufanya nini mwili, na mwili unaifanya nini dawa. Asubuhi hii nashughulika na hiyo ya pili. Ya kwanza kila mtu anaipenda. Hii ya pili ndiyo inayotuumbua.

Nianze na bahasha ya dawa. Unaandika 1×3, unamwambia mgonjwa, "Kimoja kutwa mara tatu." Sote tunasema hivyo, na waliotufundisha walisema hivyo. Sasa niambieni, kutwa ni nini? (Sauti: "Siku nzima!") Hapana, dada yangu. Kutwa ni kuanzia jua linapochomoza hadi linapokuchwa. Shule ya kutwa, ikifika jioni mwanafunzi anarudi kwao. Na dawa ya kutwa, ikifika jioni inarudi kwao. Mgonjwa aliyekusikia vizuri, anayekijua Kiswahili kuliko wewe, atameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni. Amefuata maelezo bila kosa. Kisha analala, na saa 12 nzima hamezi kitu.

Ubaya wa hizo saa 12 ni upi? Twende ubaoni.

Tuchukue amoksilini, kwa kuwa hakuna asiyeitoa humu. Ikishaingia kwenye damu ya mtu mzima ambaye figo zake ni nzima, inapungua nusu kwa muda wa saa moja hivi. Muda huo tunauita nusu-uhai. Tuseme kiwango kimeanza 16. Baada ya saa moja ni 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Tuseme pia kwamba chini ya 1 bakteria wanaanza kupumua. Namba hizi nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi, lakini umbo lake ni la kweli. Kidonge kimoja kimenipa saa 4 za kazi. Nikikipa kila baada ya saa 8, nusu ya muda wote nimewakaba, na kwa jamii ya penisilini karibu nusu ya muda inatosha kufanya kazi nzuri. Ila kwa mtindo wa kutwa, usiku nawakaba saa 4, halafu nawaachia saa 8 mfululizo.

Mwenye hesabu zake ataniambia jumla haijabadilika: vidonge vitatu mara saa nne ni 12, uvipange upendavyo. Kweli kabisa. Lakini bakteria hawajumlishi. Wapo ambao, mazingira yakiwaridhisha, hujigawa kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Ukiwaachia saa 2 umewakuta bado wanajikung'uta vumbi. Ukiwaachia saa 8 wameshaoa na kuolewa.

(Kicheko.)

Hapo hapo ubaoni kuna jambo jingine ambalo mimi binafsi lilinichukua miaka kulielewa. Mgonjwa anasema, "Ya mchana niliisahau, kwa hiyo usiku nimemeza mbili." Anadhani amelipa deni. Tuanze basi na 32: inakuwa 16, 8, 4, 2, 1. Saa 5. Amemeza mara mbili, amepata saa moja tu ya ziada! Ukizidisha dozi maradufu, muda unaongezeka kwa nusu-uhai moja, basi. Kwa amoksilini hasara ni hiyo tu na labda tumbo kuharibika. Akifanya hivyo kwa parasetamo, mambo ni mengine: kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo hujahesabu parasetamo iliyojificha ndani ya dawa za mafua alizonunua stendi. Zikizidi, ini ndilo linaloharibika, na halilalamiki siku ya kwanza.

Msije mkatoka hapa mnasema kila dawa igawanywe mara nyingi. Jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ni kinyume chake. Yenyewe inaua kwa urefu wa kilele, yaani kiwango cha juu inachofikia damuni, haiui kwa kukaa muda mrefu. Kilichobaki chini baada ya hapo kinaumiza figo na masikio. Ndiyo maana mara nyingi tunaitoa kwa mkupuo mmoja kwa siku, tuiache ishuke. Na inatoka kwa njia ya figo pekee, kwa hiyo mzee aliyeharisha siku tatu akakaukiwa maji, dozi ya kijana kwake ni sumu. Mpimie figo kwanza, na mrudishie maji.

Kabla dawa haijaanza kuhesabiwa hivyo, lazima ifike damuni. Mliotoka Sengerema na Geita mnanisaidia hapa. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, mzigo wote ulipita kivukoni. Ulipakia matenga kumi, foleni ikakushika, ukafika mjini na matenga sita ya kuuzika. Ini ni kivuko hicho. Kila kinachomezwa kinanyonywa tumboni na kupita kwanza hapo. Propranolo, dawa ya moyo na presha, ya kumeza inaandikwa miligramu 40, ya mshipani miligramu 1, na sababu kubwa ni foleni hiyo. Kidonge cha maumivu ya moyo kinachowekwa chini ya ulimi chenyewe kimepita darajani.

Kwetu huku dawa inayokwama sana kivukoni ni prazikwanteli, ya kichocho. Miligramu 40 kwa kilo: mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, tena ameshakula, maana chakula kinaongeza kiasi kinachovuka. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye rifampisini amechochewa vimeng'enya vya ini, vile vinavyovunjavunja dawa, hadi prazikwanteli inashuka sana, pengine isifanye kazi kabisa. Hazitolewi pamoja. Na yule mvuvi anayerudi baada ya miezi miwili akisema dawa yenu feki, msigombane naye. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa. Iliyoingia wiki chache tu kabla hajameza inaweza kunusurika, na yeye siku ya pili alikuwa majini tena.

Sasa niwaambie aibu yangu. Zahanati niliyoanzia kazi, alikuja mama na mtoto wa kilo 12, malaria. Dawa ya mseto, kidonge kimoja, nikampa mtoto mbele yangu saa nne asubuhi, na maziwa, kwa kuwa lumefantrini iliyomo ndani yake inataka mafuta ili inyonywe. Nikajisikia nimefanya kazi. Nikamwambia mama, "Cha pili baada ya saa nane." Kesho yake nikamuuliza. "Nilimpa saa nane, kama ulivyosema." Saa nane mchana! Saa nne tu baada ya cha kwanza, na jioni hakupewa kitu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini kosa lilikuwa langu. Lilikuwa mdomoni mwangu, wala si kwenye kidonge.

Tangu siku hiyo nasema "masaa manane." Walimu wa Kiswahili mnisamehe, najua wingi wa saa ni saa. Dirishani hilo "ma" limenifaa kuliko sarufi. (Sauti: "Atadhani usiku wa manane!") Ha! Huyo naye ana hoja. Basi mtajieni kabisa: "Jua likizama, saa kumi na mbili jioni, mpe cha pili. Kesho mpe ukiamka na ukilala, keshokutwa vivyo hivyo." Na muulize akurudishie kwa maneno yake.

Kabla ya chai nawapa kazi. Mvuvi wa dagaa, yuko kambini kisiwani. Kukiwa na giza anaingia ziwani jioni na taa zake, anarudi alfajiri, analala hadi mchana. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, anapumzika na kulala usiku kama sisi. Leo ni giza. Ana kidonda kimeingia usaha, mmempa amoksilini, kimoja kila baada ya masaa manane. Neno kutwa marufuku, "asubuhi" pia marufuku mpaka mjue asubuhi yake ni ipi. Andikeni bahasha yake. Dakika tano.

Haya, nani anatusomea? Dada wa Ukerewe, wewe wa pale dirishani.