Bodi ya ZX Spectrum: Pima Umeme Kwanza, Chipu Baadaye

MWANAISHA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo mezani tuna mgeni mmoja tu: bodi ya Sinclair ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Imekuja kwa posta kutoka Uingereza, imeandikwa wazi kwamba ni mbovu. Kaka Kassim ameshaifungua.

KASSIM: Nimeifungua, na mikia miwili ya kibodi nimeichomoa. Hapo niseme mapema, maana ndipo watu wengi wanapoharibu kabla hata kazi haijaanza. Ile mikia ni plastiki nyembamba ya miaka ya themanini, imekauka. Ivute wima, taratibu, usiikunje. Ikikatika utahitaji utando mpya wa kibodi.

MWANAISHA: Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, hii ni kompyuta ya nyumbani iliyozinduliwa tarehe 23 Aprili 1982. Ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, ya 48 pauni 175. Ndani ina chipu kuu ya Z80A, ubongo wake, inayokwenda megahezi 3.5. Skrini yake ni televisheni ya sebuleni, na programu unaziingiza kwa kaseti ya kawaida. Zimeuzwa zaidi ya milioni 5.

KASSIM: Na nyingi zimeunganishwa Dundee, kule Scotland, kwenye kiwanda cha Timex. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993 baada ya mgomo mkali. Mimi nikiona lehemu za bodi hii zilivyokaa safi baada ya miaka yote hii, nawaheshimu sana wale mama.

MWANAISHA: Kwetu Tanzania hazikuingia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni pia, na Bara ikakaa bila kituo cha televisheni hadi miaka ya tisini. Kompyuta inayotegemea televisheni ungeichomeka wapi? Haya kaka, ugonjwa.

KASSIM: Aliyeiuza alisema ukiiwasha inatoa mistari minene ya wima na rangi za vipande vipande, basi. Hakuna maandishi. Ikiwa nzima, chini ya skrini ingekuja alama ya hakimiliki, mwaka 1982 na jina Sinclair Research Ltd. Sasa, ukiingia mtandaoni kuuliza, jibu la kwanza utakaloambiwa ni kumbukumbu: badilisha chipu za kumbukumbu. Na mara nyingi kweli kumbukumbu imekufa. Lakini anayekimbilia chipu kabla ya kupima umeme anazika maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba. Ataweka chipu mpya, nayo itaungua dakika hiyo hiyo.

MWANAISHA: Hilo nataka ulieleze polepole, kwa sababu ndiyo roho ya kipindi cha leo. Anza na adapta.

KASSIM: Adapta yake ni volti 9, ampia 1.4, na plagi yake imegeuzwa: hasi iko katikati, chanya iko nje. Adapta nyingi za leo ni kinyume, chanya katikati. Kwa hiyo usichukue yoyote tu yenye volti 9 ukachomeka. Pima kwa mita kwanza. Na usishtuke ukipima ile ya asili ikiwa haijabeba mzigo ukakuta 12 au zaidi. Haina kidhibiti ndani, volti zake zinashuka ikianza kufanya kazi.

MWANAISHA: Kidhibiti kiko kwenye bodi yenyewe.

KASSIM: Enhe. Ni 7805, imefungwa kwenye bati la kupoozea. Inachukua zile 9 na kutoa 5, kinachobaki kinageuka joto. Ndiyo maana Spectrum inachemka upande huo. Hiyo 5 ikiwa kati ya 4.75 na 5.25, endelea. Ikizidi, zima mara moja, maana volti nyingi zitapita kwenye kila chipu.

MWANAISHA: Lakini 5 peke yake haitoshi.

KASSIM: Haitoshi, na hapa ndipo penyewe. Kumbukumbu ya chini, zile kilobaiti 16 za kwanza, ni chipu nane aina ya 4116. Kwenye bodi zimeandikwa IC6 hadi IC13. Kila moja inabeba biti moja ya baiti, ndiyo maana ni nane. Na 4116 inataka umeme wa aina tatu: chanya 12, chanya 5 na hasi 5. Ile hasi 5 ndiyo inayoilinda chipu. Ikikosekana huku 12 ipo, mkondo unapita ndani ya chipu mahali usipotakiwa, na chipu inaungua.

MWANAISHA: Na hizo 12 na hasi 5 zinatoka wapi, kama adapta inatoa 9 tu?

KASSIM: Zinatengenezwa pale pale, kwenye kona yenye koili ndogo. Kuna transista mbili, TR4 na TR5. TR4, ambayo ni ZTX650, inakata na kuachia mkondo wa koili kwa kasi kubwa, na koili inapandisha volti. TR4 ikifa, 12 inaanguka na hasi 5 inapotea. Kumbukumbu zinaifuata.

MWANAISHA: Na TR4 inauawa na nini?

KASSIM: Mara nyingi ni ule ukingo wa nyuma, bodi inapotokeza nje ya kasha. Pale njia za umeme ziko uchi: 9, 12, 5, hasi 5, zote zimejipanga. Mtoto wa mwaka 1984 anachomeka kifaa cha mchezo huku kompyuta inawaka, kifaa kinakaa upande kidogo, njia mbili zinagusana, shoti. Au inaanzia upande wa pili: chipu moja ya kumbukumbu inapiga shoti yenyewe, inavuta 12 chini, TR4 inazidiwa. Ndiyo maana sibadilishi TR4 bila kupima kumbukumbu, na sibadilishi kumbukumbu bila kupima TR4.

MWANAISHA: Basi tuwaambie wasikilizaji tulichopima kwenye bodi hii, kwa mpangilio ule ule tulioufanya.

KASSIM: Kwanza bila umeme kabisa. Mita kwenye kupima ukinzani. Mguu wa 16 wa 4116 ni grauni, wa 8 ni njia ya 12, wa 9 ni ya 5, wa 1 ni hasi 5. Angalieni vizuri, mpangilio huu si wa kawaida. Kwenye chipu nyingi za miguu 16 za zama zile grauni ni mguu wa 8. Hapa tukakuta kati ya 8 na 16 kuna shoti, mita inalia.

MWANAISHA: Chipu zote nane ziko kwenye njia moja. Utajuaje ni ipi?

KASSIM: Bodi yenye shoti huiwashi kwa adapta yake. Nilitumia chanzo cha umeme cha mezani, chenye kikomo cha mkondo, volti chache tu kwenye njia ya 12. Halafu nikapaka spiriti juu ya chipu zote. Inayopitisha mkondo inapata joto, na spiriti inakauka juu yake kabla ya nyingine. Ilikuwa IC10. Kidole pia kinaweza kukuambia, lakini chipu yenye shoti inaunguza, kwa hiyo napenda spiriti.

MWANAISHA: Kuitoa sasa. Hapa mimi ndiye niliyeshika lehemu, na nina maneno. Bodi hizi ni za zamani, njia zake za shaba zimeshikwa na gundi iliyochoka. Ukiweka moto mwingi mahali pamoja, duara la shaba linabanduka na mguu. Kwa hiyo chipu ambayo umeshajua imekufa, usihangaike kuitoa nzima. Ikate miguu yote kwa kikata waya chenye ncha nyembamba, toa mwili, kisha ondoa mguu mmoja mmoja kwa kuupasha na kuuvuta kwa kibano. Mimi naweka nyuzi 350 hivi, fluksi, ile dawa ya lehemu, ya kutosha, na sikai zaidi ya sekunde chache. Mashimo nayasafisha kwa pampu ya kunyonya. Ikikataa kunyonyeka, ongeza lehemu mpya kwanza kisha nyonya; lehemu mpya inaiyeyusha ya zamani. Kisha weka soketi ya miguu 16. Usilehemu chipu mpya moja kwa moja.

KASSIM: Hapo dada amesema. Soketi itakuokoa siku nyingine.

MWANAISHA: Baada ya kutoa IC10 shoti ikaondoka. TR4 tukaipima: imeungua, kama tulivyotarajia. Tukaibadilisha. Sasa kaka, ukawasha moja kwa moja?

KASSIM: Niliwasha bila kuweka chipu mpya. Hii ni muhimu kuliko zote. Soketi tupu, nikapima mguu wa 1 wa soketi: hasi 5 ipo. Mguu wa 8: 12 ipo. Wa 9: 5 ipo. Ndipo nikazima na kuweka 4116 mpya.

MWANAISHA: Kuna wanaoweka 4164 badala ya 4116, kwa sababu hiyo inakula volti 5 tu.

KASSIM: Inawezekana, lakini si kuchomeka tu. Kwenye 4164 mguu wa 8 unataka 5, na bodi inaupelekea 12. Utaiua. Lazima ubadilishe njia kwenye bodi, na ukifanya hivyo zifanyie zote nane, si moja. Mimi kwa bodi ambayo bado ina chipu saba nzima sioni sababu.

MWANAISHA: Na mimi napenda ibaki ilivyotoka Dundee. Haya, skrini.

KASSIM: Watu wanaiona skrini mbovu kama fujo tu, lakini inasema mengi. Tazama pambizo, ile fremu inayozunguka picha. Karibu kazi ya kwanza kabisa ya programu iliyo kwenye ROM, chipu yenye programu ya kudumu, ni kuifanya pambizo iwe nyeupe. Kwa hiyo ukiona pambizo nyeupe, hata kama katikati pamevurugika, Z80 inatembea na ROM inasomeka. Baada ya hapo programu inajaza kumbukumbu yote na namba 2, ili ijaribu. Namba 2 kwenye eneo la rangi ni wino mwekundu juu ya nyeusi, na kwenye picha ni nukta moja kati ya nane. Ndiyo ile mistari myembamba myekundu inayopita haraka ukiwasha. Chipu moja ya chini ikifa, biti yake inaganda, na mstari unajirudia kila baada ya nukta nane, skrini nzima. Ukihesabu nafasi ya mstari, umeshajua ni biti ipi.

MWANAISHA: Na kama hakuna picha kabisa, televisheni haishiki chochote?

KASSIM: Hapo fikiria ULA, ile chipu kubwa ya Ferranti inayotengeneza picha na kusoma kibodi. Mara nyingi iko kwenye soketi, ichomoe na kuirudisha, miguu huota kutu. Ikiwa imekufa kweli, Ferranti hawaitengenezi tena, lakini siku hizi wapo wapenzi wa mashine hizi wanaotengeneza mbadala. Inachemka sana hiyo, ibandike kibati cha kupoozea.

MWANAISHA: Kapasita tulizibadilisha za elektroliti zote. Thamani ile ile, volti ile ile au zaidi, na uangalie upande wa hasi. Hilo halina mjadala. Nataka twende kwenye kumbukumbu ya juu, kwa sababu ina kisa ninachokipenda.

KASSIM: Ieleze wewe.

MWANAISHA: Kilobaiti 32 za juu, IC15 hadi IC22, zilitoka kwenye chipu za kilobiti 64 zilizokuwa na kasoro. Nusu moja nzima, nusu mbovu. Viwanda vilitaka kuziondoa, Sinclair akazinunua kwa bei ya chini na kutumia nusu iliyo nzima. Kwenye bodi kuna kiungo kidogo cha waya kinachochagua ni nusu ipi itumike, kwa hiyo zote nane lazima ziwe za nusu moja. Yaani kompyuta ya bei nafuu ilipatikana kwa kutotupa kitu. Nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa kasi ya megahezi. Na leo moja ikifa, hapo ndipo 4164 inaingia bila tabu, kwa sababu nusu zake zote ni nzima na volti ni 5.

KASSIM: Na ya juu ikifa, kompyuta inaweza kuwaka vizuri tu ukadhani imepona. ROM inajaribu kumbukumbu kutoka chini kwenda juu, inapokwama inasema basi, mwisho ni hapa. Unabaki na kompyuta ya 16 bila kujua. Kuhakikisha, andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Ikijibu 65535, zote 48 zipo. Ikijibu 32767, ya juu haionekani.

MWANAISHA: Yetu?

KASSIM: 65535.

MWANAISHA: Alhamdulillahi. Kuna jambo tunalobishana bado. Kaka anataka kutoa ishara ya picha moja kwa moja, isipitie kile kikasha cha antena.

KASSIM: Kile kikasha kinarusha picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF, ya analogi. Televisheni nyingi mpya zinahangaika nayo. Ni waya mbili za kuondoa na moja ya kuweka, na kikasha kinabaki mahali pake. Anayekuja baada yetu anaweza kuirudisha ilivyokuwa kwa dakika chache.

MWANAISHA: Kama kinabaki na hakuna njia ya shaba iliyokatwa, nimekubali. Lakini uandike karatasi ya ulichobadilisha na uiweke ndani ya kasha.

KASSIM: Nitaiandika: IC10, TR4, kapasita, tarehe.

MWANAISHA: Kipindi kijacho ni utando wa kibodi na kuingiza programu kwa simu badala ya kaseti. Mwenye swali kuhusu zile volti tatu atutumie picha ya bodi yake, upande wa juu na wa chini, na atuandikie alichopima kwenye mguu wa 1, wa 8 na wa 9. Bila namba hizo hatutaweza kumsaidia.