Yule Binti Alijiokoa Mwenyewe

Haya, asanteni, mnanisikia huko nyuma? Hii maiki inakatakata lakini tutaenda nayo hivyohivyo. Nimeambiwa niongee kuhusu ngano za dunia zenye wasichana wajasiri, na najua kuna waliokuja na kalamu tayari wakingoja orodha, ati China kuna fulani, Urusi kuna fulani. Orodha sina. Mi nataka tuulizane kitu kimoja tu, hadithi ilikuwa mdomoni mwa nani, maana ukishamjua msimuliaji mara nyingi unajua pia kwa nini msichana kapewa akili ama kanyimwa.

Tuchukue yule binti wa kofia nyekundu, huyo wote mnamjua. Mwandishi Perrault alimchapisha Ufaransa 1697, na kwake binti anapanda kitandani na mbwa mwitu, anamezwa, kwisha habari, halafu mzee anatuongezea kishairi cha kuonya wasichana. Ndugu wawili wa Grimm, wakusanyaji wa ngano, Ujerumani 1812, wakamleta mwindaji na mkasi, apasue tumbo amtoe. Kwa hiyo kwa mmoja binti ni chakula na kwa wengine anangoja mwanaume apite njia hiyo. (Tena Grimm wana kipande cha mwisho ambapo binti na bibi yake wanamzamisha mbwa mwitu wa pili kwenye hori la maji waliyochemshia soseji, lakini nani anakikumbuka hicho? Kwenye vitabu vya watoto wanakikata.)

Sasa sikilizeni hii. Karibu na 1885, mkoa wa Nièvre hukohuko Ufaransa, bwana mmoja Achille Millien alikuwa anakusanya hadithi za wanakijiji, akaandika moja ambayo kofia nyekundu haimo kabisa. Binti anapeleka mkate na maziwa kwa bibi, anakutana na mtu-mbwa-mwitu, huyo anatangulia anamla bibi, anajilaza kitandani. Binti anaingia, anaambiwa avue nguo aje alale. Anavua, anaingia, anaanza yale maswali yake, bibi mbona una manyoya hivi, mbona kucha hizi, mpaka anaelewa huyu si bibi. Na hapo hapigi kelele. Anasema bibi, nimebanwa, nataka kutoka nje. Yule anamwambia jisaidie humuhumu kitandani! Binti anakataa, hapana bibi, nje. Basi anafungwa uzi wa sufu mguuni asitoroke, anatoka, anaufunga ule uzi kwenye mti wa plamu na anachapa mbio, na jamaa yuko ndani anaita, vipi, hujamaliza tu? Mnacheka, na nawaambia hata waliokuwa wanasimuliana wakifanya kazi za jioni walicheka hapohapo. Kuna kijiji kingine wanasema alifika mtoni akakuta wanawake wanafua, wakamtandazia shuka akavuka, na mbwa mwitu alipofika wakamtandazia na yeye, alipokuwa katikati wakaachia. Wataalamu wanabishana kama hii ni ya zamani kuliko ya Perrault, wabishane tu. Ninachoona mimi ni kwamba mwindaji hakuhitajika.

Na msiwaone Grimm wabaya sana. Mmoja wa wasimulizi wao bora alikuwa Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani, mama aliyekuwa akipeleka mazao ya bustani yake kuuza mjini Kassel, na wanasema alikuwa anarudia hadithi polepole ili waandike vizuri, akikosea neno anajirekebisha papo hapo. Kwake tulipata ile ya binti wa mkulima. Baba analima anaokota kinu cha dhahabu, anataka akampe mfalme. Binti anamwambia baba nyamaza, ukimpa kinu atakudai mchi. Baba hasikii, anapeleka, mfalme anauliza mchi uko wapi, jela! Huko anashinda analia laiti ningemsikiliza binti yangu, mpaka mfalme anataka amwone huyo binti. Anamtegea, uje kwangu usiwe uchi wala usiwe umevaa, usipande mnyama wala gari, usiwe barabarani wala nje ya barabara. Binti anajiviringisha wavu wa kuvulia samaki, anaufunga kwenye mkia wa punda, anaburutwa kwenye mfereji wa magurudumu kidole gumba cha mguu tu ndo kinagusa chini. Anaolewa. Wakaja kukosana, mfalme akamwambia rudi kwenu, chukua kitu kimoja tu unachokipenda zaidi. Akamnywesha dawa ya usingizi akambeba mfalme mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha baba yake. Hii hadithi mi naipenda kuliko zote za kitabu kile, na haikutengenezewa sinema kubwa kama zile za wasichana wanaolala.

Mulan wa China nitampitia mbio, sinema mmeona. Lile shairi la kale ni fupi tu, hamna joka anayeongea, kuna msichana anazunguka masoko ajiandae kwenda vitani badala ya baba yake, farasi soko la mashariki, tandiko la magharibi, anapigana miaka 12, mfalme anampa cheo anakataa, anaomba kipando arudi kwao.

Sasa kuna wenzetu wa Kano, kule Kisumu, humu, najua mtanikatiza. Luanda Magere, shujaa wa vita, tunamsimulia sisi Wajaluo, mwili wa jiwe, mikuki inadunda, halafu Wanandi, maadui zake, wanampa mke, anaugua, anamwambia yule mke achanje kivuli badala ya mwili, damu inatoka, usiku mwanamke anarudi kwao na siri. Vita vikaja, mkuki ukachomwa kwenye kivuli, akaanguka akawa jiwe. Kwetu yule mke hata jina hatumpi, ni msaliti tu. Lakini hebu mfikirie msichana anayepelekwa peke yake kwenye nyumba ya mtu aliyemaliza ndugu zake, anapika, anauguza, anaangalia, na anatoka mzima. Ningependa kumsikia bibi wa Kinandi akiisimulia hii. Kuna mtu wa Kapsabet, kwa Wanandi, humu? Naona mkono kule dirishani, mpeni maiki.