Tafuteni Panapovuja Kabla ya Kununua Kompresa

Ndugu mafundi, tuchukue Land Rover Discovery 3, gari linalobebwa na maputo ya hewa, moja kila kona, badala ya springi za chuma. Jioni gari limeegeshwa likiwa sawa, asubuhi limelala lote, mbele na nyuma. Mwenye gari anaambiwa kompresa, yaani pampu inayojaza maputo hayo, imekufa. Mara nyingi si hivyo. Linavuja puto moja tu, lakini kompyuta ya gari huamka kila baada ya saa kadhaa hata injini ikiwa imezimwa. Ikikuta kona moja imeshuka, hutoa hewa kwenye tatu zilizobaki ili gari lisiinamie upande. Asubuhi huwezi kujua kona ipi ilianza.

Basi izuieni kompyuta hiyo kwanza. Gari likiwa kwenye kimo cha kawaida, sakafu tambarare, pimeni kwa tepu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote 4, mwandike. Chomoeni fyuzi ya sasipensheni, mliache saa 12. Kona zote zikishuka milimita chache kwa usawa, msihangaike: hewa ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 20, ujazo wake hupungua kama asilimia 3. Kona moja ikishuka milimita 30 peke yake, hapo ndipo pa kuanzia.

Rudisheni fyuzi, pandisheni gari, kisha wekeni stendi chini ya chesisi kabla ya kuingiza hata mkono. Hili nalisisitiza, kwa sababu puto likiachia, gari hushuka mara moja. Nyunyizeni maji yenye sabuni ya vyombo kwenye kiungo cha bomba, halafu kwenye mkunjo wa chini wa puto. Mpira huchakaa hapo kwenye mkunjo. Subirini dakika nzima, maana tundu dogo hutoa povu jeupe linalokua polepole.

Povu lisipoonekana, shukuni bloku ya valvu, ile inayogawa hewa kwenda kila puto. Valvu isiyofunga vizuri hupitisha hewa kwa ndani, na sabuni haitaiona. Toeni hewa ya kona hiyo, chomoeni bomba lake kwenye bloku, liungeni na valvu ya tairi, mjaze kwa kompresa ya gereji mpaka kimo kirudi. Kikidumu hadi kesho, bloku ndiyo mbovu. Kikishuka, ni bomba au puto.

Kompresa mpya ikifungwa juu ya uvujaji hufanya kazi kupita kiasi, hupata joto, na ringi ya pistoni huisha. Rilei nayo, yaani swichi inayoipa kompresa umeme, huungua midomo na kunasa, kwa hiyo ibadilisheni pamoja na kompresa.