Wewe Unayependa Magari, Utaiweza Bondi?

Haya vijana, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Swali ni kama mtu mwenye wazimu wa magari atafurahia kazi kwenye mabondi ya Nakawa hapa Kampala, zile yadi yanakokaa magari yaliyoagizwa nje mpaka yalipiwe ushuru. Mimi nimekaa huko miaka sita na kilichonipeleka ni Subaru tu, yaani ikipita Jinja Road najua ni injini ya EJ20 kabla sijageuza shingo.

Siku inaanza na ndoo na kitambaa. Vumbi la Kampala mnalijua, ukifuta gari la mwisho, la kwanza limeshakuwa jekundu tena. Halafu betri, maana gari limetoka Japani kwa meli mpaka Mombasa, likaja Malaba kwa barabara, likakaa bondi linangoja mtu wa kulilipia ushuru, betri imekufa, unazunguka na waya za jampa toka asubuhi. Kuendesha? Unalitoa mstari wa nyuma unalileta mbele. Mita ishirini bana, ndiyo Subaru Forester ya turbo hiyo.

Na wateja hawaji kuongea injini. Alikuja mama anataka Toyota Premio, nikamshushia habari zote za injini yake ya 1NZ, kwamba ina cheni haina mkanda, akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, inakula mafuta? Ya mwaka gani?" (Tangu sheria ya 2018 ya kuzuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, mwaka ndio wanauliza kwanza.) Mwenzangu ambaye hata pulagi haijui akamletea soda, wakaongea habari za shule ya watoto, kamisheni ikawa yake.

Lakini kinachouma zaidi ni kujua. Kuna gari moja niliona bolti za fenda zimekwaruzwa spana, rangi ya boneti haifanani na ya mlango, na karatasi ya mnada wa Japani imeandikwa R, maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Mteja akaniuliza, limegongwa? Bosi amesimama pale pale. Nikasema ndiyo. Bosi hakunisalimia wiki nzima, na yule mwenzangu wa soda, yeye angeapa halijagongwa na usiku angelala fofofo, kwa sababu kweli hajui.

Mbona sijatoka? Kwa sababu ya usiku, magari mapya yakiingia. Unafungua mlango, stika za Kijapani bado ziko kwenye kioo, unawasha, yule dada wa Kijapani, sauti ya kile kifaa cha kulipia barabara za kwao, anaanza kukusemesha habari za kadi yake. Unakaa humo dakika tano taa zimezimwa, mlinzi anadhani umeenda nyumbani.

Maswali? Bei ya Forester msiniulize.