Jicho zima nalo lina bakteria wake

Haya jamani tusikilizane. Hapo ulipokaa, macho yako mazima kabisa, hayaumi hayawashi, yana bakteria. Sio uchafu, ni wakazi. Kuna Corynebacterium, kuna Staphylococcus epidermidis yule wa kwenye ngozi, na wengineo. Ni wachache sana ukilinganisha na mdomoni, manake jicho ni pagumu kuishi, kila ukipepesa machozi yanafagia, na ndani ya machozi mna laisozaimu, kimeng'enya kile alichokitangaza Alexander Fleming mwaka 1922, kinapasua ukuta wa bakteria.

Sasa wachache hivyo wana kazi gani? Wataalamu wengi walidhani ni wapita njia tu. Mwaka 2017 Rachel Caspi na Anthony St. Leger wa National Eye Institute kule Marekani wakatoa kazi yao, mi naipenda sana hii. Kwenye macho ya panya walikuta Corynebacterium mastitidis, huyu anakaa pale na kuushtua mwili kidogo kidogo, kuna seli za kinga zinatoa interlukini-17, ishara ya kemikali ya mwili, hiyo inaita seli nyeupe za damu zisogee na machozi yenyewe yanapata kemikali za kuua vijidudu. Panya wenye huyu bakteria waliwekewa fangasi wa Candida wakahimili, waliopigwa antibaiotiki kwanza wakashindwa. Ni panya, sawa, sio watu, lakini mimi imenitosha kuheshimu hao wakazi.

Ndo maana nilikuwa naumia moyoni ile Januari 2024 macho mekundu yalipoenea Dar. Wizara ya Afya ilisema wazi ni virusi, na antibaiotiki haiui virusi, ila watu walikuwa wanachukua ile tyubu ya tetrasaiklini, antibaiotiki ya kupaka machoni, ya zamani iliyobaki kabatini, kifuniko kina vumbi, mdogo wa mtu aliitumia mwaka uliopita, wanapaka. Kirusi hakiguswi, wanaopigwa ni bakteria wako wa siku zote, na ncha ya tyubu inahamisha ugonjwa jicho hadi jicho. Trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, ni habari nyingine, ile ni bakteria kweli na antibaiotiki ya azithromaisini inahitajika, sisemi dawa ni mbaya, nasema mtu apimwe kwanza.

Na jicho likiuma sana, au mwanga unachoma, au huoni vizuri, au unavaa lenzi na limekuwa jekundu, vua lenzi uende hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Haya, maswali, dada wa nyuma pale anza.