Nani Ashike Bunduki: Askari na Maafisa wa Urusi Mwaka 1917

Ndugu wasikilizaji, leo tunazungumzia jeshi la Urusi katika mwaka wa mapinduzi. Nitakaa zaidi kwenye kombania, yaani kikosi kidogo ndani ya batalioni, kwa sababu huko ndiko askari na afisa walikoonana kila siku. Tarehe za 1917 nitakazotaja ni za kalenda ya zamani ya Warusi, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13. Ukikuta mwandishi mmoja anasema 27 Februari na mwingine 12 Machi, wote wanasimulia siku moja.

Majenerali wengi walioshindwa waliandika baadaye kwamba jeshi lao liliuawa na karatasi moja, yaani Amri Namba 1 ya Sovieti, baraza la wafanyakazi na askari, ya Petrograd, mji mkuu wa wakati huo. Mimi sikubaliani nao. Karatasi ile ilikuta mambo yamekwisha kuharibika, na ukiisoma kifungu kwa kifungu utaona inajibu hofu ya watu waliokuwa wamejaa chumbani usiku ilipoandikwa.

Tuanze na maafisa. Kabla ya 1914, kijana aliyetaka kuwa afisa wa jeshi la miguu alisoma chuo cha kijeshi kwa miaka 2. Aliingia kwenye rejimenti yenye batalioni 4, kila batalioni kombania 4, na kombania ikiwa kamili ilikuwa na watu kama 250. Alizijua sura za askari wake. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Ujerumani na Austria, na vipigo vya 1914 na mafungo makubwa ya 1915 kutoka Galicia na Poland, wakati mizinga ilikosa makombora na askari wapya walifika mstari wa mbele bila bunduki, wakingoja silaha za waliouawa. Afisa wa miguu alitangulia mbele ya watu wake, kwa hiyo alikufa mapema. Kufikia mwisho wa 1916, katika rejimenti nyingi maafisa wa kabla ya vita walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Nafasi zao zilijazwa na praporshchik, cheo cha chini kabisa cha afisa, waliofunzwa kwa miezi 3 au 4. Wengi walikuwa walimu wa shule, makarani, wanafunzi, watoto wa wakulima. Kijana huyu alilala handaki moja na askari wake na kuumwa na chawa wale wale, lakini sheria ilimweka upande wa mabwana. Ilimbidi aitwe kwa majina ya utukufu, apigiwe saluti hata barabarani, na amsemeshe askari mwenye umri wa baba yake kama mtoto wa nyumbani. Askari hakuruhusiwa kuketi ndani ya tramu. Na mwaka 1915 adhabu ya viboko ilirudishwa jeshini. Mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyeitwa kuitetea nchi, alazwe chini achapwe fimbo! Anayeuliza chuki ya 1917 ilitoka wapi aanzie hapo.

Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 Jenerali Gurko, kaimu mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliongeza kosa la utaratibu. Alipunguza batalioni za kila rejimenti kutoka 4 hadi 3 ili waliobaki waunde divisheni mpya. Kwa hesabu ya ramani lilikuwa wazo zuri. Kwa vitendo, makamanda walitoa watu waliotaka kuwaondoa, na divisheni mpya zikazaliwa bila mizinga ya kutosha, bila maafisa wanaofahamiana na askari. Hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kukataa amri.

Hali ya Petrograd ilikuwa ya hatari zaidi. Kambi zilizojengwa kwa watu kama 20,000 zilibanwa askari wa akiba zaidi ya 150,000. Kombania moja ya akiba iliweza kupita watu 1,000, ikiwa na maafisa wachache, baadhi yao majeruhi wanaopona. Tarehe 26 Februari kikosi cha mafunzo cha rejimenti ya Volynsky kiliamriwa kuwapiga risasi waandamanaji. Usiku huo Sajini Timofei Kirpichnikov alikubaliana na wenzake kwamba hawatatoka tena. Asubuhi ya 27 walimkatalia kamanda wao, Kapteni Lashkevich, naye akauawa kwa risasi. Tazameni hatua iliyofuata. Hawakujifungia kambini wakangoja kuzingirwa. Walikwenda moja kwa moja kwenye kambi za jirani, Preobrazhensky na Litovsky, kwa sababu walijua kikosi kikiasi peke yake kitanyongwa peke yake.

Tarehe 1 Machi askari walioasi walijazana katika Kasri la Tauride, walikokutana Duma, yaani bunge, na Sovieti. Mwenyekiti wa Duma, Rodzianko, alikuwa amewataka warudi kambini na kuwatii maafisa, na uvumi ulienea kwamba maafisa wanakusanya silaha. Mwanasheria Nikolai Sokolov aliketi mezani na kuandika, askari wamemzunguka, huyu anasema hili, yule anaongeza lile. Ikatoka amri yenye vifungu 7.

Kila kombania na kila meli ichague kamati yake. Katika mambo ya siasa kikosi kiitii Sovieti. Amri za tume ya kijeshi ya Duma zitekelezwe iwapo tu hazipingani na za Sovieti. Kifungu cha 5 ndicho kiini: bunduki, bombomu, magari ya deraya na silaha nyingine ziwe chini ya kamati za kombania na batalioni, na afisa asipewe hata akidai. Kazini nidhamu ibaki kali. Nje ya kazi askari ni raia kamili na hana wajibu wa kupiga saluti. Majina ya utukufu yakafutwa, jenerali akawa “Bwana Jenerali”, na ukali wa maneno kwa askari ukapigwa marufuku.

Amri haikusema askari wachague maafisa, na ilielekezwa kwa wanajeshi wa eneo la Petrograd tu. Lakini ilichapwa kwenye gazeti la Izvestiya na ndani ya siku chache ikasambaa hadi mstari wa mbele. Amri Namba 2, iliyotoka siku chache baadaye kufafanua suala la uchaguzi wa maafisa, haikusomwa na wengi.

Kamati zilifanya kazi gani hasa? Zilikagua jiko na mizani ya mkate, ziligawa sukari na viatu, zilipanga zamu za likizo, zilisuluhisha ugomvi wa afisa na askari. Kwa hayo zilisaidia, na makamanda kadhaa walikiri hivyo. Tatizo lilipanda kwa ngazi. Kamati za divisheni na za jeshi zilijaa wasomi, yaani madaktari, makarani na maafisa vijana, waliounga mkono kuendelea na vita. Askari wa handakini alitaka amani na ardhi ya kijijini kwao. Basi kamati ya juu ikaanza kusikika masikioni mwake kama afisa mwingine.

Mashambulizi ya Juni dhidi ya Waaustria na Wajerumani yalilifichua hilo. Mizinga ilikuwa mingi, na siku ya kwanza, 18 Juni, mahandaki ya adui yalitekwa. Kisha vikosi vya akiba vikaitisha mikutano na kukataa kwenda kuwapokea wenzao waliochoka. Sokolov, mwandishi yule yule wa Amri Namba 1, alikwenda mstari wa mbele kuwasihi askari wapigane, na askari wa rejimenti ya 703 ya Surami wakampiga hadi kumjeruhi. Hukumu ya kifo, iliyofutwa mwezi Machi, ilirudishwa mstari wa mbele 12 Julai.

Jaribio la mkuu wa majeshi, Jenerali Kornilov, kupeleka vikosi Petrograd kuvunja nguvu za Sovieti mwishoni mwa Agosti lilimaliza imani iliyobaki. Mjini Vyborg maafisa waliuawa na kutupwa majini. Tangu hapo praporshchik mwaminifu naye alishukiwa, hata kama alikuwa ameipinga njama ile.

Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipotwaa madaraka Oktoba, amri za 16 Desemba zilifuta vyeo vyote na alama za begani, na makamanda wakachaguliwa kwa kura. Utaratibu huo haukudumu. Wajerumani waliposonga mbele Februari 1918, ilionekana kamanda mpendwa huenda hajui kusoma ramani wala kupanga mizinga. Trotsky, mkuu wa mambo ya vita wa serikali mpya, akawaita maafisa wa zamani, maelfu kwa maelfu, uchaguzi ukafutwa, na kamisaa, yaani mwakilishi wa kisiasa wa serikali, akawekwa kando ya kila kamanda. Amri ya kamanda haikuwa halali bila sahihi ya kamisaa, ingawa kamisaa hakupaswa kuingilia mpango wenyewe wa mapigano. Familia za maafisa zilitishiwa kukamatwa iwapo maafisa hao wangetoroka, ukatili ambao hauna utetezi. Kanali wa zamani Sergei Kamenev alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Wekundu, yaani ya Wabolsheviki, kuanzia Julai 1919, akifanya kazi chini ya utaratibu huo huo wa sahihi mbili, ambao ulianza kulegezwa 1925 wakati Frunze akiongoza mambo ya vita, pale ambapo kamanda mwenyewe alihesabiwa kuwa mwanachama wa kuaminika wa chama.